Aliyelala Chini Ni Mimi

Jumapili. Manyunyu tangu asubuhi, mlima haujajitokeza hata kidogo. Nimerudi Njoro kutoka nyumbani Sanya Juu na sijawasha jiko. Sina hamu ya kula.

Nimekaa kwenye kitanda cha Glory. Naandika "cha Glory" ingawa nilikinunua mimi.

Mdogo wangu Glory alipopata nafasi chuoni hapa Moshi, mama aliniomba nimpokee. Chumba changu ni kimoja. Humo naishi, humo nashona. Cherehani iko dirishani kwa ajili ya mwanga. Kitanda tulikiinua kwa matofali ili ndoo, unga na vitambaa vya wateja vikae uvunguni. Mmoja akivaa, mwingine anageukia ukuta. Kitanda ni cha mtu mmoja, nikampa yeye, maana anasoma. Mimi natandika godoro jembamba kati ya cherehani na mlango. Likishatandikwa mlango haufunguki, kwa hiyo Glory akitaka kwenda chooni lazima aniamshe, nilikunje, nimsubiri, nilitandike tena.

Sikuwahi kulalamika. Tulicheka sana humu ndani.

Leo ilikuwa kipaimara cha binti wa kaka yetu. Nilikuwa jikoni nakoroga mtori wa ndizi na nyama, shangazi akaniita nyuma ya banda la ng'ombe. Nilimpa shikamoo ya pili kwa woga, maana uso wake ulikuwa umebadilika. Akaanza taratibu kwamba anajua maisha ya mjini ni magumu, lakini huyu ni mdogo wangu wa tumbo moja. Kisha akasema:

"Mwanangu, unamlazaje mwenzio chini, mlangoni, kama mbwa?"

Nilidhani sijasikia vizuri. Akaendelea kwamba Glory amewaeleza yote: anavyolala sakafuni kwenye baridi, anavyoamshwa usiku akunje godoro ili mimi nipite. Ndiyo maana wamekubali ahame, akaishi na rafiki yake mtaa wa Majengo.

Kila alichosimulia kilikuwa kweli. Ila kilikuwa changu.

Niliporudi uani nikamtazama mama. Alikuwa barazani anamenya ndizi, hakuinua macho. Ndipo nikajua na yeye ameamini.

Sikujitetea. Ningeanzia wapi, na nyumba imejaa wageni? Nilimtafuta Glory, nikamkuta anaosha vyombo. Nikamuuliza kwa nini. Akaendelea kusuuza sahani ileile.

"Bila sababu wasingeniruhusu kuhama, dada."

"Ungesema chumba ni kidogo."

"Wangesema tuvumiliane."

Hakuomba msamaha. Aliniuliza tu kama anaweza kupita kesho kuchukua vitu vyake, nikiwa nimekwenda sokoni kununua uzi. Nikamwambia ufunguo anao. Nikachukua mkoba wangu, nikashuka mjini bila kuaga mtu.

Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mama kwa simu. Sasa simu iko mkononi na kila sentensi inasikika kama ya mtu mwenye kosa.

Kuna jambo haliniachi. Ili asimulie vile, ilibidi awe ameniona. Aliiona baridi ya pale chini, aliniona ninavyoamka na kusimama ukutani nikimsubiri. Miezi yote hii nilidhani hajagundua, na nilimsamehe kwa sababu hiyo. Kumbe alikuwa anajua vizuri kuliko mimi.

Nalia, naandika, nafuta.

Kesho sitakwenda sokoni. Nitamsubiri humu ndani, na akifika nitampa simu ampigie mama nikiwa nasikia. Akikataa, achukue vitu vyake aende, na mama nitamweleza mwenyewe, hata kama hataniamini mara ya kwanza.

Naogopa kitu kimoja tu. Akianza kulia, nitamwonea huruma.