Mchanga Mweupe wa Kisiwa Chako

Newala, Jumapili, tarehe 13 Oktoba 1974

Baba,

Shikamoo. Leo nakuambia yote, hata yale ambayo Mama amenikataza kuyaandika. Anasema marehemu asichokozwe. Mimi nakuchokoza. Nina hasira na Damiani, na wewe pia nina hasira nawe.

Tumehamishiwa kijiji cha ujamaa. Nyumba yetu ya kule ukingoni imebaki bila paa, na sasa tunakaa kando ya barabara, nyumba zimepangwa mistari kama madawati. Tezo yako na patasi zako alizichukua Damiani siku ya arobaini. Mama yake, Shangazi, alisema ndiyo desturi yenu, vitu vya mjomba ni vya mpwa. Kwa vifaa nilinyamaza. Lakini mwanawe alibeba na kile kisiwa ulichokuwa ukikichonga.

Unakumbuka ulivyokianza? Nilikuwa darasa la tano. Wachongaji wenzako walisimamisha magogo, wakachonga watu waliopandana mabegani, kwa sababu ndivyo wanunuzi wa Mtwara walivyotaka. Wewe ukalilaza gogo lako. Ukachonga kile kisiwa kidogo cha upande wa Msumbiji ulikozaliwa: miamba, kisima kimoja, na watu kumi na wawili wanaongoja zamu ya maji. Miamba na watu ulivitoa kwenye kiini cheusi. Mchanga ukauacha kwenye ule weupe wa nje wa mpingo, ambao kila mchongaji hapa huumenya na kuutupa.

Walikucheka. "Mzee Kisiwa, leo samaki bei gani?" wakati maji ya kunywa tu tunayafuata bondeni. Hata Damiani alikuuliza, "Mjomba, mti huu hujaumenya?" Ukamjibu bila kuinua kichwa, "Nikiumenya, hawa watasimama wapi?" Mimi nilikuwa pembeni yako, nasugua miamba kwa majani ya msasa. Nilisikia. Na yeye alisikia, Baba. Ndiyo maana simsamehe.

Mwezi uliopita Mwenyekiti alitaka kinyago cha kuweka kwenye ofisi mpya ya kijiji, wageni wakija wakione. Damiani akapeleka kisiwa. Nilirudi kutoka shuleni Jumamosi, nikaenda kukiangalia, nikashindwa kukitambua. Ameumenya weupe wote. Amekipaka dawa ya viatu, kinang'aa kama buti la askari. Amekata upande mmoja kwa msumeno na kukisimamisha wima. Wale watu wako wamelala ubavu hewani kama walevi, na kisima kimegeuka tundu ukutani. Mwenyekiti alikuwa anapiga makofi. "Huu ndio umoja! Wote wanapanda!"

"Mjomba alikufa hajamaliza," Damiani akasema mbele ya watu. "Nimemmalizia."

Nikamwambia, "Kaka, umekiharibu. Ule mchanga ulikuwa kazi yake."

"Kasome, we binti. Penye patasi mwanamke hana la kusema."

Wakacheka. Mama naye alikuwapo, akaangalia chini. Tangu siku hiyo simwiti kaka. Namwita mpwa wako.

Na hapo ndipo hasira yangu inapokufikia wewe. Nilikuomba patasi mara ngapi? "Ngoja ukue, Vero." Najua vinyago vya ngoma huchongwa porini, ambako sisi wanawake hatusogei. Lakini kisiwa hakikuwa kinyago cha ngoma. Ulikichonga uani, kuku wakipita. Ulinikatalia kwa mazoea tu. Ungenifundisha, leo kungekuwa na mtu mwingine wa kukumalizia.

Sijafika mwisho. Kwenye ule mchanga alikuwapo mtu wa kumi na tatu. Mweupe, amesimama peke yake mbali na foleni, hana macho wala mdomo. Hospitalini, siku ile kifua kilipokubana, ulinishika mkono ukasema, "Bado uso mmoja." Ukakohoa. Nikadhani kesho utaniambia. Damiani aliona kipande cha mti mbovu, akakikata pamoja na maganda.

Nilikwenda nyuma ya nyumba ya Shangazi, anakoweka maganda ya kuwashia moto. Nilipiga magoti nikapekua tenga zima. Akaniuliza natafuta nini. Nikasema natafuta kuni. Nimempata, Baba. Ni mrefu kama kidole changu cha shahada, amevunjika mguu mmoja. Anakaa kwenye kikebe changu cha vifaa vya hesabu, nimemfunga kwa kitambaa. Katika tenga hilohilo Damiani alikuwa amesahau patasi yako ndogo kabisa, ile ya macho. Niliichukua. Nimeiba. Nilisema nitakuambia yote.

Ng'ambo ya Ruvuma bunduki zimenyamaza. Jirani yetu Mama Filomena ameanza kufunga mizigo, anasema haitachukua muda njia itafunguka. Miaka yote ulisema, "Vita vikiisha nitakupeleka ukaone." Vimeisha, nawe hupo. Hilo pia linanikasirisha, ingawa najua hukuchagua.

Basi nisikilize. Nitatafuta gogo lingine la mpingo. Nitalilaza. Sitaumenya weupe wake, hata Mwenyekiti aje na kijiji kizima. Mikono yangu bado mibovu, nimejikata mara mbili, lakini miamba naijua yote kwa vidole, maana niliisugua mimi. Kisha nitakibeba kisiwa hicho kipya hadi kwenye kile kisima cha kwenu na kukiweka chini, kilale kama ulivyokilaza.

Pumzika, Baba. Mengine niachie. Ila huyu wa kumi na tatu siwezi kumgusa kwa kubahatisha. Leo nimenoa patasi, na nimemweka mezani mbele yangu. Nijibu upesi, kwa ndoto au kwa njia yoyote mliyo nayo huko, usiniambie tena ningoje nikue. Ni bibi, mama yako uliyemwacha kule akichota maji? Ni wewe mwenyewe? Uso ule mmoja uliobaki, ulikuwa wa nani?