Uvimbe wa Begani na wa Pajani

Temeke,
Dar es Salaam.
14 Septemba 1975

Kwa Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, pamoja na wadogo zangu na majirani wote wa kijiji kipya. Je, kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimetulia? Na nyumba, mmeshaezeka au bado mnakaa chini ya turubai? Tumesikia mmepangwa kwa mistari kama askari, na kwamba wewe umepewa kiwanja karibu na kisima. Hilo la kisima lilitufurahisha. Huku Adelina anakusalimu sana, na mjukuu wako Yuliana ameanza shule. Anaandika jina lake ukutani kwa mkaa, na akikatazwa anahamia ukuta wa jirani.

Mama, jirani yetu Tekla alipokuja huko msibani alikuambia kwamba Adelina ana uvimbe na kwamba amelazwa hospitali. Aliporudi alitueleza ulivyolia, na kwamba ulimtolea Adelina misa. Tunakushukuru kwa sala hizo, hazikupotea. Ila Tekla aliona nusu ya mambo, nusu nyingine akajaza mwenyewe, wala simlaumu. Naona ni haki yako upate habari kutoka kwangu, tangu mwanzo, kwa mpangilio wake.

Ni kweli Adelina ana uvimbe. Uko begani, upande wa kushoto, na alikuja nao nyumbani kwangu tangu tulipooana. Wakati ule ulikuwa kama ndimu. Sasa ni kama chungwa dogo. Kwa miaka yote hiyo aliufunika kwa khanga na hatukuuzungumza. Mwaka huu wenzake kiwandani waliuona alipokuwa anabadili nguo, wakaanza kumweleza habari za wanawake waliokufa kwa uvimbe wa namna hiyo. Kila mmoja alikuwa na marehemu wake. Adelina akaacha kula vizuri, akakonda, na kukonda kwenyewe kukamfanya aamini kwamba wenzake wanasema kweli. Mwishowe akaniomba nimsindikize hospitali, kwa sababu aliogopa kulisikia jibu akiwa peke yake.

Nikaomba ruhusa kwa mnyapara wangu bandarini, tukaenda hospitali kuu. Tulikaa kwenye mabenchi mpaka mchana tukaitwa. Daktari anaitwa Adelard, mtu wa bara, mrefu, mpole, anayeongea kama anayechagua mchele. Alimuuliza Adelina uvimbe umeanza lini, umekua kwa haraka au polepole, unauma au hauumi. Halafu akauminya pembeni kwa kidole kimoja, mara upande huu, mara upande ule. Haikuchukua muda. Akasema ni mafuta tu yaliyojikusanya chini ya ngozi, hayana ubaya, akitaka yataondolewa na asipotaka anaweza kukaa nayo mpaka uzeeni.

Adelina hakuridhika. Alimuuliza amejuaje bila kupasua. Mie niliona aibu, lakini daktari hakukasirika. Alichukua kidole cha Adelina mwenyewe akakiweka kwenye ukingo wa uvimbe, akamwambia abonyeze. Uvimbe ukateleza ukakimbia. Akambonyezesha upande wa pili, ukakimbia tena. Akasema huo ndio mwenendo wa mafuta yasiyo na madhara: laini, yako juu karibu na ngozi, yanacheza chini ya kidole, na yanakua polepole kwa miaka mingi. Yale ya kuogopa, akasema, huwa makubwa, hukaa chini kabisa ndani ya msuli, yamejishika, na yanakua kwa miezi. Akaongeza kwamba mara nyingi hayaumi, ndiyo maana watu huchelewa kuja.

Adelina alikuwa anafuta machozi na kucheka kwa pamoja. Mie nilikuwa nimebaki kwenye lile neno, kwamba hayaumi. Tangu mvua za masika paja langu la kulia lilikuwa limejaa upande wa ndani. Nilijua ni msuli uliovimba kwa kubeba magunia, kwa sababu kuli gani hana mahali palipovimba? Na kwa kuwa hapakuuma, sikumwambia mtu. Basi nikamuuliza daktari, kama mtu anayeuliza kwa niaba ya mwingine, iwapo mizigo inaweza kumvimbisha mtu paja. Akaniuliza paja la nani. Adelina akageuka akanitazama, na kicheko chake kikaishia pale pale.

Nikalala kwenye kitanda kile kile alichokuwa amekaa yeye. Daktari aliminya muda mrefu. Akaniambia nikaze paja, nilegeze, nikaze tena. Nilipokaza, uvimbe uligoma kusogea hata kidogo. Akanipeleka kupigwa picha ya eksirei ya paja, na siku nyingine ya kifua. Alitushikia picha ya paja dirishani akatuonyesha: mafuta hutokea kama kivuli cheusi, na kwangu kivuli kilikuwepo, lakini ndani yake palikuwa na mawingumawingu meupe ambayo hakuyapenda. Nikamwambia basi auondoe. Nakumbuka alivyonijibu. “Sijui bado ni kitu gani,” alisema, “na kwa kuwa sijui, sitaukata.” Alitaka kwanza kuchukua kinyama kidogo tu, kiangaliwe kwa darubini, akanipa siku ya kurudi.

Kuingoja siku hiyo ndiko kulikonishinda. Kazini nilimweleza Apolinari, yule tuliyetoka naye huko nyumbani pamoja. Apolinari alinicheka. Alisema madaktari wakubwa wanapenda kuzungusha watu, na kwamba huko Tandika kuna bwana Fransis, aliyewahi kuwa dresa, mfunga vidonda wa hospitali, aliyemtoa yeye uvimbe wa shingoni kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Akanionyesha kovu. Lilikuwa kovu safi. Mama, nilikuwa nimechoka kuwa mtu mwenye jambo. Jumamosi nikaenda naye.

Fransis alinipokea vizuri. Chumba chake kilikuwa safi, visu vilikuwa vinachemka kwenye sufuria. Alinigusa paja kwa kiganja akasema ni mafuta, kama ya Apolinari, ila haya yameshiba zaidi. Nilikuwa nimeshalala juu ya meza, suruali nimeivua, sindano ya ganzi imeshavutwa dawa, Adelina alipoingia. Mke wa Apolinari ndiye aliyemwambia tulipo. Hakupiga kelele. Alimsalimia Fransis kwa heshima, akamwomba jambo moja tu, ausogeze huo uvimbe wakati mimi nimekaza paja.

Fransis akajaribu. Akajaribu kwa mikono miwili. Akasema huu mkaidi, lakini kisu kitausogeza.

Adelina akaniambia, “Wangu mie uliteleza. Huu hautelezi. Kasiani, vaa suruali yako twende.”

Nikavaa. Apolinari alinuna, akasema nimemwaibisha mbele ya mtu wake, na kwa muda hatukusemeshana. Fransis mwenyewe aliimwaga tu dawa ya sindano, akairudisha mahali pake. Njiani Adelina alitembea mbele yangu mpaka tunafika nyumbani, na alipofika akaanza kuchambua mchele kama kwamba hapakutokea kitu. Ila mchele ule aliuchambua, akamaliza, akauchambua tena.

Hospitali walinikata kidogo tu kwenye paja, wakatoa kipande kama cha ncha ya kidole, wakashona. Daktari alipima kwanza mahali pa kukata, akaeleza kwamba kovu hilo lazima litoke pamoja na uvimbe ikiwa habari itakuwa mbaya. Baada ya wiki kadhaa akatuita sote wawili. Alifunga mlango, akakaa upande wetu wa meza. Akasema ni saratani, ndiyo hiyo watu wanaita kansa, na kwamba imezaliwa ndani ya mafuta yale yale ambayo mtu mwingine huishi nayo bila taabu. Kifua changu kilikuwa safi, maana yake haikuonekana kuwa imesafiri. Akasema kama mtu angeupasua kwa haraka na kuukwangua, angekuwa ameimwaga kansa paja zima, na yeye asingekuwa na la kufanya. Adelina alitazama sakafu. Hakunitazama mimi, na namshukuru kwa hilo.

Mama, hapa ndipo Tekla alipokosea. Aliyelazwa hakuwa Adelina. Adelina alikuwa anatoka alfajiri na kikapu cha chakula na kurudi usiku, Tekla asimwone, na aliyekuwa anakila ni mimi.

Kabla ya kunipasua, daktari aliniambia mambo mawili yanawezekana. Ikiwa uvimbe umekaa peke yake, atautoa pamoja na msuli unaouzunguka, nami nitachechemea. Ikiwa umekumbatia mshipa mkubwa wa damu, itabidi atoe zaidi. Alitaka nikubali yote mawili nikiwa macho, kwa sababu humo ndani hataweza kuniuliza. Nilimuuliza yeye angekuwa mimi angefanyaje. Alisema angependa kumwona mwanawe akikua. Nikakubali.

Kitanda cha jirani na changu alilazwa Mzee Albano, mfanyakazi wa reli, aliyepoteza mguu kwa behewa. Ni mtu mcheshi sana. Kila asubuhi alimwomba nesi amkune kidole gumba cha mguu ambao haupo, kwa sababu kinamwasha kweli kweli. Wodi nzima tulicheka, yeye akicheka kuliko sisi.

Nilipozinduka kutoka kwenye nusukaputi nilimwona Adelina kwanza. Nilikuwa nimefunikwa shuka mpaka kifuani na sikuwa na nguvu ya kuinua kichwa. Nikasogeza vidole vya mguu wa kulia. Vilisogea vyote, nikavisikia kimoja kimoja. Nikamwambia Adelina kwamba vidole vyangu vipo. Halafu nikamkumbuka Mzee Albano na kidole chake gumba.

Adelina aliweka mkono wake juu ya shuka, pale ambapo goti langu lingekuwa, akaushusha taratibu. Mkono ulishuka mpaka godoroni.

Ndilo jambo lenyewe, Mama. Mguu wangu wa kulia sina, umekatwa karibu na nyonga. Nimeliacha mpaka mwisho wa barua kwa sababu nilitaka ulifikie ukiwa umeshajua kwamba nipo hai na kwamba ninaandika haya kwa mkono wangu mwenyewe, nikiwa nimekaa kwenye kiti barazani.

Kidonda kimefunga vizuri. Seremala wa hapa mtaani amenitengenezea magongo, ya kwanza yalikuwa mafupi, haya ya sasa yananifaa. Bandarini wamesema watanitafutia kazi ya kukaa, nangoja nione. Apolinari alikuja kuniona, akaninyoa ndevu. Yuliana kwa siku kadhaa alikuwa akirukaruka uani kwa mguu mmoja ili ajue inakuwaje, akaanguka, akaniambia kwamba mimi ni hodari kuliko yeye. Daktari ananitaka nirudi kila baada ya miezi michache apige picha ya kifua. Sikumwomba aniahidi chochote, naye hakuniahidi. Adelina uvimbe wake bado anao. Nilimwuliza kama atautoa, akasema kwa mwaka huu nyumba hii imekatwa ya kutosha.

Tunakusudia kuja kabla ya mvua kufunga barabara. Naomba uwaambie watu mapema, ili tukishuka kwenye basi pasiwe na vilio, kwa sababu Yuliana atadhani kuna aliyekufa. Usiuze kuku wala kitu chochote kwa ajili yangu. Na wewe, Mama, nikishuka, nitazame usoni kwanza. Nitasimama hapo hapo nikusubiri umalize kunitazama. Baada ya hapo tazama kwingine kote unakotaka.

Wasalimie sana Baba mdogo Gregori, dada Filomena na watoto wake, na wote watakaouliza habari zetu. Adelina anapiga magoti kukusalimu. Mungu awalinde katika makao yenu mapya.

Ni mimi mwanao,
Kasiani