Jozi Nyekundu na Jozi ya Kijani

Kirumba, karibu na Mwaloni,
Mwanza.
Jumatano, 10 Septemba 2025.

Mpendwa shemeji Mama Modesta,

Shikamoo. Habari za Arusha na baridi yake? Mgongo wako unaendeleaje? Baba Modesta kifua kimeachia? Hapo kambini mnapowapikia wanariadha bado mnapuliza kuni, au gesi imekuja? Naomba Mungu muwe mnaamka salama wote. Sisi huku tunaamka. Nkwabi mdogo wako anakula, analala, anaongea sana kama unavyomjua. Mimi nipo.

Jana ulinikatia simu. Sijakasirika. Ila nilikuwa bado na maneno mdomoni, ndiyo maana naandika. Kuandika si kazi yangu, unajua niliishia la nne. Ukiona nimeruka neno na wewe ruka. Barua nitaichomeka ndani ya kiatu, nimpe Revocatus, yule kondakta wa basi la Arusha, kesho pale Nyegezi.

Muda ninao. Huku ni mbalamwezi, dagaa hawafuati taa, hawakamatiki, magari hayaji kupakia, sisi makuli tunakaa juu ya magunia matupu tunatazama ziwa. Siku za hivi ndizo mbaya kwangu. Bora nibebe mpaka shingo iume.

Sasa viatu. Asante sana, Mungu akuongezee. Jozi zote mbili zilifika, nyekundu na ya kijani. Ulisema wanariadha wako wamezichoka, nijaribu zote, moja nibaki nayo, nyingine niirudishe kuna dobi wa hapo kambini anaingoja. Nimejaribu. Shida yote imeanzia hapo.

Sijawahi kukuambia kwa nini nakimbia. Tangu tumzike Dorcas mwaka jana, ndani hapakaliki. Asubuhi nikifumbua macho upande wake wa kitanda upo pale pale. Nikibaki nautazama, siku hiyo imekwisha. Basi nikawa natoka natembea kabla ya kazi. Kutembea kukawa hakutoshi. Nikakimbia. Mtu wa miaka hamsini na kitu, kuli, anakimbia na hakuna anayemfukuza. Walinicheka, wakachoka.

Nkwabi alikuja msibani na fimbo yake, hakuondoka. Nilishukuru. Siku moja akaniuliza, "Shemeji, kila asubuhi unakwenda wapi?"

Nikamwambia Pasiansi.

"Kufanya nini?"

"Kurudi."

Akacheka. "Basi na mimi nipeleke nikarudi."

Macho yake yalikwenda na surua akiwa mtoto, hilo unalijua kuliko mimi, uliyekuwa unambeba mgongoni ni wewe. Kwa hiyo siku ya kwanza nilimfunga ncha moja ya kamba mkononi, nyingine nikafunga kwangu. Hatukufika hata kwenye uwanja wa mpira. Aliivua akanirushia. "Kamba ni ya mbuzi." Akasema atanifuata kwa masikio. Nikadhani utani.

Haukuwa utani. Anakaa nyuma yangu, hatua mbili hivi. Raba zangu za zamani zilikuwa na soli ngumu kama ubao, pa, pa, pa. Nikikanyaga lami anajua ni lami. Nikiingia changarawe anajua. Nikikanyaga maji anainua mguu. Nikikata kona anakata. Tumekimbia hivyo tangu mwaka jana, hajanigonga, hajaanguka. Wenye bodaboda wanampisha. Kuna mmoja kila akituona anapiga kelele, "Mzee, huyo wa nyuma atakupita!" Nkwabi anamjibu, "Nampita nielekee wapi?"

Lakini zile raba ziliniua visigino. Nikishuka kitandani ni kama nimekanyaga msumari. Nikibeba gunia nachechemea, na msimamizi wa makuli akaanza kunitazama kama mtu anayepima ng'ombe mzee mnadani. Nesi akaniambia tafuta viatu vya kukimbilia vyenye soli laini, au acha kukimbia. Kuacha siwezi. Ndipo nikakupigia.

Ulivyotuma, kwa macho ni mapacha. Soli nene ile ile. Ukibonyeza kwa kidole gumba zinazama sawa. Uzito sawa. Nilikaa kitandani nabonyeza hii nabonyeza ile kama mwanamke anachagua parachichi. Nikashindwa. Nikaona dawa ni moja, kulia nikavaa nyekundu, kushoto ya kijani, nikaenda hivyo kazini. Wakati huo mzigo ulikuwa bado upo.

Paulo, kuli mwenzangu, akapaza sauti mwalo mzima usikie. "Njooni mumwone Mashimba! Mguu mmoja Simba, mguu mmoja Yanga! Mechi saa ngapi, mzee?"

Mwingine akauliza refa ni nani. Mama mmoja mwanika dagaa akasema, "Mwacheni. Zote mbili zitafungwa na gunia."

Jioni nikajua. Mguu wa nyekundu ulikuwa mzima, kama si wangu. Mguu wa kijani ulikuwa na kimaumivu kimebaki, kidogo. Nikasema basi, nyekundu. Mimi mwenyewe Simba, nikafurahi.

Ijumaa tukatoka, mimi na nyekundu miguu yote miwili. Shemeji, zile ni godoro. Kisigino sikukisikia kabisa. Nikakimbia kama kijana, kichwa chepesi, sikuwaza kitu, hata Dorcas sikumuwaza. Tukafika pale tunapoacha lami kuingia njia ya kurudi. Nikakata kona. Nikasikia Nkwabi anaita, "Mashimba! Uko wapi?" Sauti ilitoka mahali siko. Alikuwa amenyoosha moja kwa moja. Pale kuna mtaro hauna mfuniko. Nilipogeuka ameshaingia.

Alichubuka kidevu na muundi. Hakuvunjika. Aliyekupigia akakuambia amevunjika mguu ni mwongo, na namjua, ila sitamtaja. Nilimkuta amekaa humo chini, anapapasa kidevu. Kisha akasema, "Leo umevaa nini? Umetembea kama paka."

Hapo ndipo nikaelewa. Wewe hukujua. Mimi sikujua. Hakuna aliyewaza kwamba kiatu kinaweza kuwa kizuri mpaka kikawa kibaya.

Nyumbani akaomba jozi zote mbili. Akakaa pale mlangoni kwenye jiwe, akawa anapiga kiatu kimoja kimoja juu ya jiwe na sikio amelitega. Nyekundu, akasema, bubu. Ile nyingine akapiga mara ya pili. "Hii inasema. Kidogo, lakini inasema." Tukageuza chini. Nyekundu ni sponji tupu mpaka inapogusa ardhi. Ya kijani ina kipande cha mpira mgumu kisiginoni, ndicho kinapiga na ndicho kinaniuma. Mimi na macho yangu sikukiona, kimepakwa rangi ile ile.

"Hii inayosema ni rangi gani?"

Nikamwambia kijani. Alicheka mpaka akashika kidevu kwa maumivu. Yeye Yanga, unamjua.

Mimi bado nyekundu nilikuwa naitaka. Kisigino changu nacho ni kisigino, na ndicho kinachonilisha. Jirani yetu Maige, alikuwa mcheza ngoma zamani, akaniambia mbona rahisi, akaniazima njuga zake. Nikazifunga kwenye vifundo vya miguu juu ya zile nyekundu. Jumatatu tukatoka. Mbwa wote wa Kirumba wakatoka na sisi. Watu wakafungua madirisha. Mmoja akauliza wacheza ngoma wa wagika wameingia mjini lini. Mimi nimekaza mwendo, aibu mpaka kisogoni.

Hatujafika mbali Nkwabi akasimama. "Shemeji, vua hizo. Zinaniambia uko wapi. Haziniambii chini kuna nini."

Akisimama amesimama. Tulirudi tunatembea, nimemshika mkono, na kushikwa mkono hapendi.

Jana ndipo ukapiga. Ukasema nimemgeuza mdogo wako kichekesho cha barabarani. Ukasema Jumapili mjomba Mhoja anakuja kutoka Misungwi kumchukua, akakae kijijini kivulini, asiumie tena. Ukakata.

Hapa niliacha kuandika nikatoka. Nimezunguka mpaka kijiwe cha bodaboda nikarudi. Nimekaa. Nimesimama tena. Sasa naandika nimesimama, karatasi iko juu ya sanduku la Dorcas.

Mama Modesta, sikatai kwamba alianguka akiwa mikononi mwangu. Ulimlea, una haki ya kuumia. Mtu akiniletea habari kwamba mdogo wangu yuko mtaroni na mimi ningefoka. Lakini wewe na mjomba mmepanga, na mwenyewe hajaulizwa. Nikamuuliza mimi. Alikuwa anashona wavu wa watu, siku hizi wavuvi wanamletea nyavu, vidole vyake vinaona tundu kabla ya macho yako. Nikamwambia dada anataka uende Misungwi ukapumzike.

Akaendelea kushona. "Nimechoka lini?"

Nikamwambia dada anaogopa utaumia.

Akasema, "Na wewe unaogopa?"

Nikamwambia ndiyo. Sikuona sababu ya kudanganya.

Akakata uzi kwa meno. "Mwambie dada alinibeba vizuri. Sasa anishushe."

Nimeandika kama alivyosema. Sikuongeza.

La kwangu ni hili. Akiondoka, sitakimbia. Najijua. Nilianza peke yangu lakini peke yangu sasa siwezi, nimezoea kusikia mtu nyuma. Na nisipokimbia, asubuhi sijui nitaipeleka wapi. Hilo sikuomba ulibebe. Nakuambia ulijue unapoamua.

Leo tumetoka tena. Nimevaa za kijani. Taratibu, kidevu chake bado kina plasta. Tulipokaribia ile kona moyo ulikuwa unanigonga kuliko miguu. Nikakata. Nikatega sikio. Yangu, pa, pa. Nyuma, pa, pa. Alikata. Alipopita usawa wa mtaro akautemea mate, akasema "mwangaluka" kama anamsalimia jirani mbaya, akaendelea.

Kisigino kinauma saa hii. Si msumari tena. Ni kama punje ya mchanga imeingia kwenye soksi. Nesi alisema nikande kwa kubiringisha mguu juu ya chupa ya maji baridi, nabiringisha hapa hapa naandika. Nitakaa nacho. Msimamizi leo hakunitazama. Paulo ameniona na kijani pande zote mbili, ametangaza kwamba nimehamia Yanga na wamenisajili bure. Namwacha.

Kwa hiyo nyekundu nairudisha. Nimezifuta tope, njuga nimeshazitoa. Mpe huyo dobi. Mwambie ni viatu vizuri sana kwa mtu anayekimbia peke yake.

Mjomba Mhoja umpigie. Kama anakuja Jumapili kutusalimia, karibu sana, nitampikia sato na ugali wa muhogo. Kama anakuja kuchukua mtu, asubuhi hatutakuwa nyumbani, tutakuwa barabarani kabla ya ibada. Amuulize Nkwabi mwenyewe huko huko. Lakini itabidi amkimbilie.

Nisalimie Baba Modesta, aache kulala na dirisha wazi. Nisalimie Modesta na mtoto wake, na Josephat kama bado anafika hapo kwenu. Mama yenu huko Misungwi nitamwona mwezi ujao, nimpeleke na Nkwabi akashike mikono yake, kisha turudi wote wawili. Kaburi la Dorcas ni safi, tunapalilia, Nkwabi anang'oa majani kwa kupapasa na haachi hata moja.

Mungu akutunze wewe na mgongo wako, akulinde na moto wa hayo majiko. Ukiona unataka kunifokea tena, nifokee, ila simu usikate.

Ni mimi shemeji yako akupendaye,

Mashimba