Komwe Zote Kwenye Ulimi

Jumatatu, 9 Julai 1956

Pancha tangu asubuhi. Misumari ya mtaa huu wa Mabawa haiishi, nadhani watu wanaipanda. Mnyororo wa mwalimu nimeutia grisi, breki za muuza maziwa nimezikaza. Mteja mmoja kabishania bei mpaka nikataka kumtukana, lakini tusi langu likakwama kwenye herufi ya kwanza, akaondoka kabla halijatoka. Bahati yake.

Alasiri ami Kombo kaja kibandani na habari. Posa imejibiwa. Kule kijijini Tongoni wamekubali. Namuoa Mwanaidi! Nilitaka kusema alhamdulillahi, nikasema al, al, al, mpaka ami akanimalizia. Watu wote hunimalizia. Mwanaidi peke yake hakunimalizia. Nilipeleka baiskeli ya kaka yake, nikamsalimu mlangoni, akangoja mpaka salamu ikafika mwisho. Siku ileile nikamwambia ami akapose.

Jina langu Hatibu. Aliyenipa jina hili alikuwa na masihara. Ndiyo maana naandika. Kwenye karatasi sina kigugumizi.

Alhamisi, 12 Julai

Seif kazua mchezo. Huyu ni karani wa ghala la mkonge, kichwa chake hakitulii hata siku moja. Kaleta ubao wa bao, lakini si bao tunalocheza. Kila mtu kapewa safu yake, na kila shimo la safu ni kipaji: nguvu, miguu, macho, mikono, uganga, ujanja, ulimi, bahati. Unapewa komwe kumi na mbili, unazigawa upendavyo. Halafu unajichagulia asili. Wewe nani, mtoto wa nani, umetokea wapi. Unajichagulia mwenyewe! Seif anasimulia nchi ya uwongo yenye majini na mazimwi, sisi tunamwambia tunafanya nini humo. Jambo likiwa gumu unatupa kauri kumi. Zikilala chali nyingi kuliko komwe za shimo lako, umeshindwa.

Wallahi sijapenda kitu hivi tangu nijue kupanda baiskeli.

Omari mshonaji, mwembamba kama uzi wake, kajaza shimo la nguvu. Eti ni mchukuzi aliyewahi kubeba ngamia mabegani. Petro, dereva wa trekta shambani, Mlutheri asiyekosa kanisani, kachukua uganga, na baba yake ni jini. Tukamuuliza mchungaji anajua? Kasema mchungaji hachezi.

Mimi nikamimina komwe zote kwenye ulimi. Zote. Mashimo mengine matupu. Omari kacheka mpaka kapaliwa. Seif kaniuliza hata bahati sitaki? Sitaki. Asili yangu: Shaha Marijani, mwana wa mkunga, mjumbe wa malkia, hajawahi kunyimwa neno na mtu yeyote.

Seif kafikiri, kasema kwa komwe hizo kauri hazitanishinda kamwe, na hiyo si haki. Basi sharti. Kwenye ulimi sitatupa kauri. Nitasema mwenyewe, kwa kinywa changu, mpaka yeye aridhike.

Mshenzi yule. Nimekubali kwa hasira tu.

Jumapili, 15 Julai

NIMESEMA!

Tulifika kwenye lango la mji. Mlinzi nusu mtu nusu mamba. Omari alijaribu kulibeba lango, kauri zikamwangusha. Petro kaita majini, hayakuja. Wakanigeukia. Seif katoa sauti ya mamba, kauliza kwa nini atufungulie.

Nikakaa wima. Nikamfikiria Shaha angekaaje, angeshikaje bakora yake. Nikafungua kinywa, na sauti iliyotoka sikuijua. Nzito, ya taratibu, ya mtu aliyekula akashiba. Nikamsifu mamba meno. Nikamuulizia mama yake. Nikamwambia lango lisilofunguliwa ni ukuta tu, na yeye si mlinzi bali ni tofali. Maneno yalitiririka! Hakuna hata moja lililokwama, hata yale ya M, adui zangu wakubwa.

Omari kasahau kucheka. Seif kafungua lango.

Nikashukuru kwa sauti yangu. Nikakwama palepale kwenye "asante".

Jumatatu, 16 Julai

Nimejaribu kibandani. Nikiwa Hatibu, nakwama. Nikiwa Shaha, sikwami. Mteja kanikuta naisifu tairi. Kacheka, kalipa.

Ijumaa, 20 Julai

Idd imepita, nyama bado ipo. Ami karudi Tongoni na tarehe: nikaha ni Ijumaa ya tarehe tatu Agosti. Na kaleta balaa. Shehe wa kule ana desturi yake, bwana harusi anakiri mara tatu, wazi, watu wote wasikie. Nimekubali kumuoa Mwanaidi binti Mbwana kwa mahari yaliyotajwa. Mara tatu! Na jina lake lenyewe linaanza na M.

Ami kasema tumweke wakili anikubalie. Sheria inaruhusu, si aibu. Kwa nini basi alikuwa anatazama chini? Mwinjuma, kaka yake Mwanaidi, kashatangaza kijiji kizima kwamba watu waje na mito ya kukalia, maana sitamaliza kusema kabla ya magharibi. Nikiweka wakili watasema dada yao kaolewa na bubu, na Mwanaidi ndiye atakayelisikia neno hilo kisimani kila siku.

Nimekataa. Imenichukua muda kukataa, lakini nimekataa.

Jumapili, 22 Julai

Nina dawa! Ilinijia nikiwa natia tairi upepo. Ataoa Shaha. Yaani nitaoa mimi, lakini kwa kinywa cha Shaha. Nimewaeleza wenzangu. Seif karuka juu, kasema huu ndio mchezo wenyewe.

Jumatano, 25 Julai

Mazoezi barazani. Seif ndiye shehe, Omari ndiye baba mkwe, kajitia na kikohozi. Mara tatu, bila doa. Tena. Tena. Petro kapiga makofi kama yuko kanisani. Nacheka peke yangu barabarani, watu wananitazama. Watazame! Ngoja Mwinjuma aje na mto wake.

Jumamosi, 28 Julai

Omari kaharibu siku. Anashona kanzu yangu, pini mdomoni, kauliza: sasa anayeoa ni nani? Nikamwambia mimi. Kasema mbona yeye kila siku anamwozesha mtu mwingine, mtu mwenye bakora?

Nikamwambia ashone. Tumenuniana. Mjinga sana. Kanzu lakini kaipatia.

Alhamisi, 2 Agosti

Sili. Silali. Nafurahi mno. Shaha yuko tayari, nimemjaribu mara ishirini. Lakini swali la Omari bado halijanitoka kichwani.

Ijumaa, 3 Agosti

Nimeoa. Niandike upesi.

Ukumbini kwa mzee Mbwana, baba yake Mwanaidi, baada ya sala ya Ijumaa. Watu mpaka barazani. Wanawake chumba cha ndani na pazia tu katikati, Mwanaidi yumo humo. Petro na Seif dirishani. Mwinjuma kakaa mbele kabisa kama mtu aliyekata tiketi.

Nikapeana mkono na mzee Mbwana. Akaozesha. Zamu yangu. Nikamwita Shaha, akaja papo hapo. Nimekubali kumuoa Mwanaidi binti Mbwana kwa mahari yaliyotajwa. Kama maji ya bomba! Ami kaachama. Mwinjuma kafunga mdomo wake. Mara ya pili vilevile, tena kwa madaha. Mtu kasema mashallah.

Na mimi nikashikwa na wivu. Wivu, wallahi! Mwanamke wangu anaolewa mbele ya macho yangu na mjumbe wa malkia, mimi nimekaa pale nimeshika mkono wa baba yake tu. Omari alikuwa nyuma yangu. Sikumtazama, ningempiga.

Mara ya tatu nikamfukuza Shaha. Nikafungua kinywa changu mwenyewe.

"Nime" ikatoka. "Kubali" ikagoma. Ikasimama kooni, jasho likanitoka mpaka kwenye kofia. Watu wakatazamana, maana sasa hivi nilikuwa nasema kama redio. Shehe akataka kunitajia neno. Mzee Mbwana akamwinulia mkono wa kushoto, angoje. Wa kulia hakuniachia. Nikavuka "kubali". Nikafika kwenye jina lake. M, M, M. Nilimsikia mtu anacheka, nikamsikia anaacha. Sijui nilikaa pale muda gani. Nilipofika "yaliyotajwa" nilikuwa napiga kelele kama mnadi samaki.

Vigelegele vikapasuka chumbani kabla shehe hajasema lolote. Ami analia. Omari kanikumbatia kwa nguvu, sikujua yule mtu ana nguvu hizo.

Jumapili, 5 Agosti

Fungate. Niko nyumbani kwa wakwe, natunzwa kama mgonjwa. Mvua ndogo asubuhi, imekatika.

Mwanaidi hakuwa amesema mengi. Leo, tukinywa chai, kaniuliza yule wa mwanzo alikuwa nani. Nikamweleza. Ubao, kauri, mamba, yote. Nilikwama nilipokwama. Hakunimalizia hata neno moja, na chai ikapoa.

Kasema alipoisikia ile sauti nzito alidhani wamemletea mume mwingine. Akaanza kulia. Mashangazi wakafurahi, bibi harusi analia vizuri. Hakuweza kuwaambia kitu. Alilia mara ya kwanza, akalia mara ya pili. Aliponyamaza ni pale kwenye M.

Nilitaka kumjibu. Kaninyang'anya kikombe, kaenda kupasha chai moto.