Tope la Kanoni

Nyakasimbi, Jumamosi usiku, msimu wa kahawa, 1953

Hata sasa siamini. Leo gunia langu limepimwa kwa haki.

Misimu mitatu karani wa ghala alikuwa akiinua magunia yetu kwa goti chini ya mizani, uzito upungue. Tulimshtaki barazani. Tukajibiwa, "Ninyi mizani hamuijui." Wenye malori hakuwagusa.

Juma lililopita lori la Mzee Bitegeko, tajiri wetu, lilikwama topeni kule Kanoni. Akaagiza wanawake waibebe kahawa yake kichwani. Karani alipoona vikapu alidhani ni kahawa ya watu kama sisi, akaweka goti. Kumbe Mzee alikwisha kuipima nyumbani. Kesho yake karani alikuwa mahakamani.

Hilo limenikera mchana kutwa. Misimu mitatu yetu, siku moja yake.

Mke wangu kaniambia, "Baba Yustina, shukuru tu. Haki ikipita na lori la mwenzio, nawe panda."

Nami nashukuru, kwa moyo kabisa. Yustina atarudi shule. Ila kama barabara ingekuwa kavu...

Kwenye sala ya jioni nimeshukuru kwa ndizi, kwa afya, na kwa lile tope.