Randa Yangu Kwenye Meza ya Polisi

Jumatano, mwezi wa saba. Baridi ya Kangemi leo ni ile ya kuingia kwenye mifupa, na jua hatujaliona tangu Jumapili. Naandika na penseli yangu ya kazi, ile bapa, kwa sababu kalamu ya wino inanichafua vidole. Mwalimu wa kisomo pale kanisani anasema tuandike kila siku hata mistari miwili. Leo haitakuwa miwili.

Nataka kuandika habari ya Mama Rasoa, yule dobi. Mimi nimekaa Nairobi tangu zamani za mkoloni. Nimetengeneza milango ya nusu ya nyumba za Karen, na kuna mzungu aliyekuwa anahama akauliza kama anaweza kwenda na mlango wangu. Nimeona watu. Lakini mtu kama huyu mama sijaona, na mimi si mtu wa kusifu watu ovyo.

Kwanza niseme ukweli, maana daftari hili hakuna mwingine anayelisoma.

Mwezi wa tano niliporwa.

Ilikuwa saa nane mchana, kwenye njia ya mguu kule bondeni kati ya Kawangware na Kangemi, nikitoka kazini. Mtu alitokea kwenye migomba akanionyesha kisu. Alitaka mfuko wangu wa vifaa, nikampa. Ndani ilikuwemo randa yangu ya kulainishia mbao, ile niliyochonga mwenyewe kwa mti mgumu wa kutoka kwetu Maragoli, na mgongoni nikaichoma nyota kwa msumari wa moto. Sikupiga hata kelele.

Nyumbani nikasema walikuwa watatu. Nikasema nimewatandika, mmoja akatumbukia mtoni. Mfuko nikasema nimeuacha Karen. Watu wakafurahi, wakaanza kuniita Simba, na hilo jina nikaona linanikaa vizuri. Kazi nikafanya na randa ya kuazima.

Polisi sikwenda. Nani alikuwa anakwenda? Wakati wa mkoloni, mtu wetu akijipeleka stesheni anaulizwa kwanza kipande, ile pasi ya kuvaa shingoni, na anaweza kulala ndani yeye, mwizi amelala kwake. Hiyo hofu haikushuka siku bendera yetu ilipopanda. Tena kuna aibu. Mwanamume mzima nisimame mbele ya askari mwenye umri wa mwanangu, niseme nimenyang'anywa?

Mama Rasoa alikuwa anakwenda.

Yeye anafulia watu huko mtaa wa Jamhuri, na njia yake ni hiyo hiyo ya bondeni. Mara tatu walimnyang'anya: kiondo, mwavuli, na shuka za mama anayemfulia. Mara tatu alitembea mpaka stesheni, akangoja kwenye benchi, akataka iandikwe. Siku ya mwavuli askari alicheka, akamuuliza kama anataka serikali iache kazi itafute mwavuli. Akamjibu kwamba yeye haondoki mpaka aone kalamu inatembea. Na ikatembea.

Sisi tulimtania sana. Mimi ndiye nilimpa jina la Karani wa Polisi.

Basi Jumapili, baada ya ibada, huyo mama akasimama. Akasema kuna mtu amekamatwa na zile shuka, na polisi wanaita wote walioibiwa bondeni waende kutambua vitu vyao. Halafu akatuuliza, ni nani hapa ameporwa kwenye ile njia? Mkono mmoja wa mwanamke ukapanda. Ikapanda mingine, mpaka benchi nzima. Wanaume tukaangalia viatu vyetu, kisha mmoja akainua, na mwingine, na mwingine. Kumbe tulikuwa wengi hivyo. Kila mtu alikuwa amekaa na yake kama ugonjwa wa kuficha.

Akauliza nani alipiga ripoti. Mikono yote ikashuka, ukabaki wake.

Wangu haukuwa umepanda hata mara ya kwanza.

Jumatatu nilikwenda nao, nikisema nawasindikiza akina mama. Vitu vilikuwa vimepangwa kwenye meza ndefu. Randa yangu ilikuwa katikati, nyota inaniangalia. Watu wakatambua viondo na masufuria yao, na kila mmoja akaandikisha jinsi mtu alivyompokonya na kukimbia. Sajini akainua randa. "Na hii ya nani?"

Mimi nikarudi hatua moja nyuma.

Mama Rasoa anaijua ile randa. Mlango wake niliuranda nayo mbele ya macho yake. Aliitazama, akanitazama, kisha akainama kuhesabu zile shuka. Na angeweza kunimaliza pale pale, kwa miezi yote hiyo ya Karani wa Polisi.

Sajini akauliza kama kuna aliyeonyeshwa kisu, maana yule mtu alikamatwa na kisu, lakini hakuna aliyekitaja. Bila kisu, akasema, huyu ni mwizi wa shuka tu, hatakaa sana ndani. Mimi nikajifanya nasoma tangazo ukutani.

Wakati wa kurudi Mama Rasoa alinikaribia, akasema polepole, "Mzee, mimi napita pale kesho. Na kesho kutwa pia."

Akapita mbele.

Jana sikufanya kazi ya maana. Nilipiga msumari ukapinda. Mimi, msumari ukapinda.

Leo asubuhi nikapita kwenye ukungu mpaka stesheni, peke yangu. Sajini akafungua kile kitabu kikubwa.

"Walikuwa wangapi?"

Nilikohoa kidogo. "Mmoja."

"Mtu wa namna gani?"

"Mwembamba. Mfupi kuliko mimi."

Akauliza kwa nini nimekawia hivyo. Nikamwambia niliona aibu. Hakucheka. Aliandika kisu, akaandika randa na nyota yake, nami nikaangalia ile kalamu inavyotembea, nikaelewa yule mama alikuwa anangoja nini kwenye benchi siku zote zile.

Akanisogezea wino wa kupiga kidole gumba. Nikakataa. Nikaandika jina langu kwa mkono wangu, na watu wa nyuma yangu wakachoka kusimama, lakini ukurasa ule hauna jina kubwa kuliko langu. Limekula mistari miwili.

Randa imebaki huko mpaka kesi iishe, na mimi nitaitwa kutoa ushahidi.

Jioni nikapita kwa Mama Rasoa kumwambia. Alikuwa anakamua blanketi. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na yule wa mtoni, Simba, aliogelea akatoka?"

Nikamwambia alizama. Akacheka mpaka akakaa juu ya karai lililopinduliwa, halafu akanipa upande mmoja wa blanketi nimsaidie kukamua. Mikono ya yule mama ina nguvu. Mimi fundi nilikuwa navutwa.

Siku ya kesi watu wa kanisa wote watakuja, wamesema. Yeye alikwenda mara tatu bila mtu wa kumsindikiza, na nyuma yake tunacheka. Mimi nimekwenda peke yangu mara moja tu. Sasa najiuliza: hiyo siku, mbele yao wote, nitaweza kusema "mmoja" kwa sauti ile ile niliyosemea "watatu"?