Vipande vya Jikoni

Jumatatu, 3 Novemba

Kanda ya kumi leo. Zimebaki nne. Maktaba ya hapa ugenini, Scarborough, ina mashine ya kuhamishia kanda za video kwenye kompyuta, ila kanda haikimbizwi. Harusi ya saa mbili inataka saa mbili. Basi nakaa naangalia.

Zote ni harusi za Tanga. Zote kazipiga Baba Asha, mume wangu, ujanani, kamera begani, kabla hatujaonana. Zimekaa kabatini miaka thelathini na hakuna aliyeziulizia.

Sasa zimepata kazi. Tangu Septemba mume wangu anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, saa nne nzima kitini, mkono wa kushoto haruhusiwi kuukunja. Simu imemchosha. Nimemnunulia pleya ndogo ya video, inasimama yenyewe, vitufe vikubwa, mkono mmoja unatosha. Nitaijaza harusi zake. Hajui.

Jumanne, 4 Novemba

Pleya imekataa. Inasema haiitambui aina ya faili. Nimebadilisha aina, ikakubali, lakini sauti inatangulia na midomo inafuata. Bwana harusi anajibu kabla hajaulizwa. Nimecheka peke yangu. Jaribio la nne limekaa sawa.

Nina miaka hamsini na nane na nimejifunza kitu hiki bila kumpigia Asha simu Calgary. Najisifu.

Alhamisi, 6 Novemba

Kuna jambo. Katika harusi nyingi, nikaha ikishafungwa, kamera inamwacha bibi harusi na kwenda nyuma ya nyumba, kwa wapishi. Nilidhani ni mtindo wake. Leo nimezirudia faili. Haendi kwa wapishi. Anakwenda kwa mpishi mmoja.

Mwanamke mrefu, kanga kiunoni, mwiko mkononi. Arobaini hivi, au kapita kidogo. Yumo katika kanda sita. Hacheki na kamera wala haikimbii. Harusi tofauti, familia tofauti, yeye yuleyule. Ni mpishi wa kukodiwa, bila shaka.

Ni nani?

Jumamosi, 8 Novemba

Kanda ya kumi na mbili. Huyu mwanamke amesema. Ametenga sahani ya pilau, kaifunika kawa, kaisogeza mbele ya kamera. Akauliza, "Umekula?" Basi. Picha ikatikisika, kisha zikaonekana sufuria, kisha watu wanacheza.

Kanda ilipofika mwisho mashine ikaitafuna. Utepe umekatika. Nimeshukuru kwamba kila kitu kilikuwa kimeshaingia kwenye kompyuta.

Nimerudi nyumbani nikampikia mume wangu wali usio na chumvi. Sikumwangalia usoni.

Jumapili, 9 Novemba

Wivu. Niandike tu, hakuna anayesoma. Namwonea wivu mwanamke wa kwenye kanda, mkubwa kuliko yule kijana aliyekuwa akimpiga picha. Miaka thelathini na mmoja ya ndoa na sijawahi kusikia habari zake.

Nimekaa kwenye kompyuta kutoka asubuhi. Nimevikata vipande vyote vya jikoni. Kisha nikafuta na zile faili nzima, zikabaki harusi zisizo na jikoni. Nilijiambia kadi ya pleya ina nafasi ndogo. Kadi ina nafasi tele.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimempa pleya kabla hajatoka. Ameigeuzageuza kama saa ya mkononi. Alipoona harusi ya kwanza akakaa kitandani, kiatu kimoja mguuni. Akanishukuru mara mbili. Nikajisikia vibaya mara mbili.

Jumatano, 12 Novemba

Amerudi kliniki amechoka. Nikamwekea chai, kikombe kidogo, ndicho alichoruhusiwa. Akaniuliza taratibu, macho kwenye kikombe.

"Mama Asha, mbona wapishi hawamo?"

Nikasema labda mashine. Akasema mashine haiwezi kuchagua. Nikamuuliza yule mwanamke alikuwa nani wake, na sauti yangu haikuwa nzuri.

Alisogeza kikombe pembeni. Kisha akasema, "Yule ndiye aliyenizaa."

Mama mkwe wangu namjua. Bi Rukia, Mungu amrehemu, ndiye aliyenipokea, ndiye aliyemshika Asha siku ya kwanza. Kumbe alimlea tu. Mume wangu ni mtoto wa baba yake nje ya ndoa. Bi Rukia hakujaliwa kuzaa. Mtoto alipotimiza siku arobaini akachukuliwa, na mama yake, Tatu, akaapishwa asijitambulishe kwake kamwe. Siri ilimponyoka shangazi mmoja msibani, mume wangu akiwa na miaka kumi na tisa. Hakumuuliza mtu. Mwaka uliofuata akajifunza kamera, kwa sababu mpiga picha wa harusi ana ruhusa ya kuingia hadi jikoni.

Nimemuuliza kama Tatu alijua kwamba yeye anajua. Amesema hajui. Hakumwita mama hata siku moja. Bi Rukia angeumia, na yule mwingine angevunja kiapo. Tatu alifariki mwaka wetu wa pili hapa. Mume wangu alipigiwa simu asubuhi, akaenda kazini.

Nakumbuka asubuhi ile. Nilimlaumu kwa kusahau chakula chake.

Nimemwambia nilivyofanya. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

Alhamisi, 13 Novemba

Kanda sita zenye Tatu ni nzima, zitahamishwa upya. Ya saba ndiyo ile iliyotafunwa. Hiyo peke yake ndiyo yenye sauti yake.

Nimeipeleka maktaba. Dada wa pale, Vasanthi, Mtamil, ndiye aliyenifundisha mashine. Nilimwambia ukweli wote, sijui kwa nini. Akafungua kanda kwa bisibisi ndogo, akakata utepe uliokunjamana, akaunganisha kwa gundi ya karatasi nyembamba. Akanionya mashine inaweza kuitafuna tena, na safari hii haitapona. Tukabonyeza. Nilifumba macho kama mtoto anayechomwa sindano.

Imecheza. Tumepoteza sekunde chache za mwisho, watu wanaagana. Tatu yupo. Sauti ipo.

Jumatano, 19 Novemba

Kanda zote saba zimekwisha. Faili nimezihifadhi mahali patatu. Nimetengeneza moja ya ziada, vipande vya jikoni tu, vimefuatana. Dakika kumi na tisa. Sikujua niipe jina gani. Nimeandika Tatu.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimemsindikiza kliniki, mabasi mawili. Alipounganishwa na mashine akaniomba nimsimamishie pleya. Hakuchagua harusi yoyote. Alichagua ile faili.

Aliangalia. Ikaisha, akairudisha mwanzo. Muuguzi, binti wa Kifilipino, alikuja kupima presha. Akainama kutazama, akauliza yule mama anayepika ni nani.

Mume wangu akamjibu kwa Kiingereza, hakupunguza sauti. Akasema ni mama yake.

Binti akamwangalia yeye, akaangalia kioo cha pleya, akasema wanafanana. Akaandika presha, akaenda kiti cha pili.

Nimetazama vizuri. Ni kweli. Paji la uso.